Tovuti ya makumbusho kwa laki mbili na sitini: tukatae kudanganywa na "bajeti ndogo"



Naanza na kisa. Mwaka juzi nilikuwa najitolea kufundisha Historia kwenye shule moja ya kata, kidato cha pili. Tulifika mada ya babu zetu kupigana na wakoloni, na kila nikigeuka kuandika ubaoni naona watoto wanasinzia. Nikasema basi, twendeni makumbusho wakaone kwa macho yao. Wazazi wakachanga buku tano tano. Kuna mama alileta hela zimefungwa kwenye pindo la kanga, hazikutimia, akaahidi kumalizia baada ya gulio. Akamalizia kweli.

Kabla ya safari nilifanya kile ambacho kijana yeyote mwenye simu angefanya. Niliingia kwenye tovuti ya makumbusho hayo. Siyataji, maana niliowakuta pale sio wenye kosa. Tovuti ilikula bando na dakika nzima mpaka ikafunguka. Juu kabisa, picha ya mgeni rasmi anakata utepe. Nikashuka: mgeni rasmi anapanda mti. Nikashuka tena: mgeni rasmi anasaini kitabu cha wageni. Nilihesabu picha 14, na 11 kati ya hizo ni za mgeni rasmi. Picha ya kitu kilichomo ndani ya makumbusho: hakuna hata moja. Kiingilio: "ukurasa unaandaliwa". Namna ya kufika: "ukurasa unaandaliwa". Namba ya simu ipo, nikapiga, haipatikani. Sentensi moja tu ndiyo ilikuwa na maana: "Tuko wazi kila siku."

Tukaenda. Watoto 41, basi la kukodi, vitumbua kwenye ndoo. Tukafika tukakuta geti lina kufuli. Ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu hawafungui.

Kilichotuokoa ni mlinzi. Alimpigia simu mzee mmoja, mhudumu wa pale. Mzee akaja kwa bodaboda, kandambili miguuni, siku yake ya mapumziko, akatufungulia. Akatembea na watoto saa mbili nzima. Kila kitu alikijua: mkuki huu ulitoka ukoo gani, kigoda hiki alikikalia nani, ngoma hii kwa nini haigongwi na mwanamke. Watoto waliokuwa wanasinzia darasani wakawa wanagombania kuuliza maswali.

Mwisho nikamwuliza, "Shikamoo mzee, haya yote yameandikwa wapi?" Akacheka, akaingia chumba cha ndani, akarudi na daftari. Counter book ile ya quire tatu, jalada limechakaa. Kila kitu kilichomo mle kakiandika kwa mkono wake, kwa miaka mingi. Nikamwuliza kwa nini haya hayapo kwenye tovuti. Akanijibu, "Mwanangu, tovuti ililetwa na mradi. Waliojenga hawakuwahi kuniuliza kitu. Mradi ukaisha, fundi akaondoka na paswedi."

Makamanda, jibu hilo moja la yule mzee linaonyesha ugonjwa wote wa utawala tulionao.

Tatizo sio hela kidogo

Kila ukihoji kwa nini makumbusho yetu hayaonekani mtandaoni unajibiwa wimbo uleule: bajeti ndogo, tunasubiri wafadhili, tunasubiri mwaka ujao wa fedha. Nakataa. Bajeti ndogo ipo kweli, siibishii. Lakini tovuti ya makumbusho ni moja ya vitu vichache nchi hii ambavyo bajeti ndogo inatosha kabisa. Kinachokosekana ni mtu wa kumjali mgeni, yule mama wa pindo la kanga, kabla ya kumjali mgeni rasmi.

Nasema hivi kwa sababu tumejaribu wenyewe. Baada ya safari ile tuliandika barua, vijana watano wa tawi letu, kujitolea kutengeneza tovuti ile bure. Hatukuweka nembo ya chama wala bendera. Tukaambiwa barua ipitie ofisi nyingine. Ikapitia. Tukaambiwa ofisi nyingine tena. Miezi minane, kimya. Tukaachana nao.

Tukamwendea mwalimu mstaafu mmoja kijijini ambaye chumba chake cha uani kimejaa vitu vya kale: majembe ya kufuliwa, vibuyu, redio za mbao, sarafu za Wajerumani, kadi za TANU. Tukamjengea tovuti ya vitu 24. Hesabu yake hii hapa, na kila tuliyemlipa tulidai risiti:

- Jina la tovuti, mwaka mmoja: 28,000
- Kodi ya seva, mwaka mmoja: 120,000
- Bando: 30,000
- Nauli, safari tatu: 42,000
- Flashi mbili za kutunzia nakala: 30,000
- Chai na sukari kwa mwalimu: 10,000

Jumla laki mbili na sitini. Programu zenyewe hazikutugharimu hata senti. WordPress ni bure. Ipo nyingine inaitwa Omeka, iliyotengenezwa maalumu kwa makumbusho na maktaba na chuo kikuu kimoja cha Marekani, George Mason, nayo bure. Hata ile kufuli ndogo inayoonyesha kwamba tovuti ni salama, Let's Encrypt wanaitoa bure dunia nzima. Kazi yetu hatukuilipisha, ni kweli. Weka basi vijana wawili wa IT, walipe vizuri mwezi mzima. Bado haifiki bei ya semina elekezi ya siku mbili yenye maturubai, mapambo na posho.

Pale getini kwenye yale makumbusho kuna bango la mradi. Jina la mradi lipo, jina la mfadhili lipo. Kiasi cha fedha hakipo. Simtuhumu mtu kwa kula, kwa sababu sina ushahidi. Nauliza swali la raia: ilikuwa shilingi ngapi? Kama zilikuwa chache, kuziandika kungeogopesha nini?

Mtanishambulia, najua

Najua kuna kamanda anasoma hapa anasema: sisi tunadai katiba mpya na tume huru, watu wetu wako mahabusu, wewe unatuletea habari za majembe ya kale! Ngoja nikujibu.

Moja. Anayeshika kumbukumbu ndiye anayeamua nani alikuwepo. Nikuulize, unamjua Zuberi Mtemvu? Alijitoa TANU mwaka 1958 akaanzisha chama chake, na mwaka 1962 akasimama peke yake kugombea urais dhidi ya Mwalimu Nyerere. Alipata chini ya asilimia 2. Sikubaliani na mengi aliyoyahubiri. Lakini kabla yako na kabla yangu, kuna mtu alisimama nchi hii akasema mgombea wa pili lazima awepo. Umewahi kuona bango lake la kampeni? Mimi sijawahi. Miaka mitatu baadaye mfumo wa chama kimoja ukawa sheria, na ukaendelea hadi 1992. Watoto wetu wakiambiwa upinzani uliletwa na wazungu mwaka 1992, tutawajibu kwa karatasi gani?

Mbili. Orodha ni silaha. Fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, lilirudi Kalenga mwaka 1954. Limerudi kwa nini? Kwa sababu liliandikwa. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliitaka Ujerumani ilikabidhi ndani ya miezi sita. Walichelewesha zaidi ya miaka 30, lakini lilikuwa kwenye maandishi, likadaika. Sasa tazama Songea. Tarehe 27 Februari 1906 wapiganaji wa Majimaji zaidi ya 60 walinyongwa pale. Mmoja wao, Nduna Songea Mbano, ukoo wake mpaka leo unatafuta kichwa chake. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea Novemba 2023 akaomba msamaha, lakini bado watu wanatafuta. Kitu kilichoandikwa kinadaiwa. Kisichoandikwa hata hakihesabiki kuwa kimeibiwa, kinasemwa "kimepotea" na faili linafungwa. Tovuti ya makumbusho, ukiondoa mapambo yote, ni orodha ambayo umma wote unaiona. Mkuki ukitoweka usiku, kesho yake watu elfu wana picha yake kwenye simu.

Tatu. Tusipojisimulia, tunasimuliwa. Pale Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, zaidi ya tani 200. Wapagazi wetu wakaibeba vichwani na mabegani kwa siku kadhaa mpaka bandarini Lindi. Leo dinosaria mmoja wa kule amesimama Berlin, kwenye Museum für Naturkunde, urefu wake unapita mita 13. Mtoto wa Lindi akitaka kumwona anafungua kurasa za wazungu. Na fundi mkuu wa kazi ile alikuwa mtu wetu, Boheti bin Amrani. Wanasayansi wamempa dinosaria mmoja jina la heshima kwake. Mwulize mwanafunzi yeyote wa Lindi kama amewahi kumsikia. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye maneno 300, ungemrudisha nyumbani. Maneno 300 yanahitaji mfadhili?

Inavyofanyika

Chama makini hakiishii kulalamika. Haya ndiyo tuliyojifunza, kwa yeyote atakayetaka kuifanya kazi hii tawini kwake, au kumkaba diwani wake aifanye.

1. Anza na maswali ya mgeni. Mnafungua lini? Kiingilio bei gani, mtoto na mkubwa? Nashuka kituo gani? Nampigia nani? Majibu manne, ukurasa wa kwanza, juu kabisa. Weka namba ya WhatsApp ya mtu anayepokea kweli. Ukimaliza hapo tu, umeshayashinda yale makumbusho yetu.

2. Jina la tovuti liandikishwe kwa jina la taasisi. Lisiwe la fundi, wala la mradi, wala la mpwa wa mkurugenzi. Paswedi zijulikane na watu wawili na ziandikwe kwenye bahasha iliyofungwa kabatini. Tovuti nyingi zinakufa kwa kosa hili, na kulirekebisha hakuna gharama.

3. Vitu 20 vilivyoelezwa vizuri vinashinda vitu 2,000 visivyo na maelezo. Kila kitu kiwe na ukurasa wake: kinaitwaje kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyewe, kina ukubwa gani, kilitoka wapi, nani alikitumia, kilifikaje hapa. Kama hamjui, andikeni hamjui na muombe msomaji awaambie.

4. Picha piga na simu. Tandika shuka jeupe karibu na dirisha, asubuhi, usitumie mwanga wa simu. Halafu punguza uzito. Picha ya simu inaweza kuwa na MB 4. Kwenye tovuti inatosha KB 150. Hapo ndipo bando la mwananchi linapookolewa. Chini ya kila picha andika kinachoonekana, ili hata asiyeona, ambaye simu inamsomea, apate kitu.

5. Jaribu kwenye simu mbaya. Usijaribu kwenye kompyuta ya ofisini. Chukua simu ya bei ya chini kabisa, nenda mahali mtandao unasuasua, fungua. Ikichukua muda mrefu kuliko kumsalimia mzee, toa vikorombwezo. Zile picha zinazojisukuma zenyewe juu ya ukurasa, toa. Video inayoanza bila kuombwa, toa haraka.

6. Kiswahili kwanza. Kiingereza kifuate kwa ajili ya watalii, sawa. Lakini tovuti ya makumbusho ya Tanzania ambayo bibi yangu hawezi kuisoma ni matangazo ya biashara.

7. Wenye vitu waulizwe. Vipo vya matambiko, yapo mabaki ya watu, zipo siri za jando na unyago. Sio kila kitu kipigwe picha. Wazee wakisema hiki hapana, ni hapana.

8. Tunza nakala. Kila mwezi nakili kila kitu kwenye flashi mbili, moja ikae jengo jingine.

9. Mpe mtu mmoja kazi hiyo kwa jina. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi anaipitia: namba inapokelewa? saa ni zilezile? Na kwenye kitabu cha wageni ongeza swali moja: "Umetujuaje?" Hicho ndicho kipimo chako.

Mtu wa serikali asiseme haiwezekani. Fungua tovuti za halmashauri mbili tofauti, uone zinavyofanana kama mapacha. Maana yake wanajua kwamba kiolezo kimoja kinahudumia ofisi nyingi. Basi tengenezeni kimoja cha makumbusho, mkigawe bure kwa kila makumbusho ya wilaya, ya ukoo, ya parokia na ya msikiti.

Badala yake tuliona nini? Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe zaidi ya shilingi milioni 2 apate leseni. Piga hesabu, kwa hela ile tungejenga tovuti saba kama ya yule mwalimu na chenji ikabaki. Wakati dunia inashusha gharama za kuandika mtandaoni, watawala wetu walizipandisha. Halafu wanashangaa mbona historia yetu iko Berlin.

Na sisi tujitazame

Sitaki nimalize kwa kupiga upande mmoja. Wiki iliyopita nilikwenda ofisi yetu ya wilaya kutafuta picha za mkutano wetu wa kwanza wa hadhara pale mjini. Hakuna. Kadi za wanachama wa mwanzo: zililoa mvua. Daftari la mahudhurio: alikwenda nalo katibu aliyehamia chama kingine. Tovuti ya mkoa: jina lake halikulipiwa, imekufa. Paswedi nani anayo? Mnajua jibu.

Sasa tukipewa nchi kesho, tutakuwa na tofauti gani? Wazee wetu waliopigwa mabomu ya machozi, waliolala ndani, waliouza mbuzi ili mkutano ufanyike, wanaondoka mmoja mmoja. Hatujamrekodi hata mmoja. Siwezi kumnyooshea kidole mkurugenzi wa makumbusho huku kabati letu wenyewe linaliwa na mchwa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na hili nitalileta kwenye kikao cha vijana mkoa.

Kwanza, popote tulipo na diwani, aulize kwenye baraza, kwa maandishi: makumbusho au eneo la kihistoria la halmashauri hii lina tovuti? Ilijengwa kwa shilingi ngapi? Paswedi iko kwa nani? Jibu lichapishwe.

Pili, ilani yetu iwe na mstari mmoja unaosema kila mradi wa tovuti wa umma uweke gharama yake hadharani, na usilipwe malipo ya mwisho mpaka mtumishi wa pale aweze kuiendesha mwenyewe bila fundi.

Tatu, kila tawi lichague kitu kimoja: boma, kaburi, mti wa mikutano, chumba cha mzee. Jumamosi moja tu. Simu, shuka jeupe, daftari. Na tuanze na wazee wa chama chetu wenyewe.

Tovuti ya mwalimu wetu ilipofikisha miezi miwili, mama mmoja alipiga simu kutoka Sumbawanga. Alikuwa anafoka: "Hilo jembe namba 9 mmeandika la huko kwenu, sio kweli! Hilo ni letu, la Wafipa, babu yangu alikuwa anayeyusha chuma." Mwalimu akaongea naye nusu saa, akaandika pembeni kila alichosema, jioni tukarekebisha ukurasa. Jina la babu yake sasa lipo pale, kwa ruhusa yake.

Yule mzee wa makumbusho naye anastaafu mwakani. Daftari lake bado liko chumba cha ndani, nakala ni moja. Nimemwomba nilipige picha, ukurasa kwa ukurasa. Amesema niende Jumatatu, siku ambayo hawafungui.